Paskalia na Sheria za Kilondo

Paskalia alizaliwa Kilondo, kijiji kilichong'ang'ania ubavu wa milima ya Uluguru, na mpaka nywele zinaanza kuota mvi hakuwahi kufungua mdomo kwenye mkutano wa kijiji. Alilima karoti na kabichi, akaimba kwaya kigangoni, akalea watoto wa marehemu dada yake. Mambo ya serikali aliwaachia wenyewe.

Kisha juu ya kijiji ikajengwa nyumba ya wageni yenye bwawa la kuogelea, na halmashauri ya kijiji ikatunga sheria ndogo: marufuku mkulima kuchepusha maji ya kijito. Kiangazi kile karoti zake zilikauka ardhini. Alipanda mpaka kwenye uzio, akawatazama wageni wakirushiana maji, akateremka kwa hasira.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Alois, kaka wa mama yake, na kwa Waluguru mjomba hapingwi hadharani. Mkutano mkuu ulipoitwa, Paskalia alimsalimia kwanza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusikiliza?"

"Nimekuja kuwaondoa."

Watu walidhani anatania. Akasema sheria ndogo zote zifutwe, halmashauri nzima ijiuzulu, na wanakijiji waanze upya, sheria moja baada ya nyingine, kwa kunyoosha mikono. Jastin, mtendaji wa kijiji, akamweleza kwa upole kwamba nchi ina utaratibu, asiyeridhika angoje uchaguzi. Kila mwenye kinyongo akibomoa, kijiji kitasimama lini?

"Nyumba ikiungua hatungoji tarehe," Paskalia akajibu. "Tuliwapa uongozi. Kijiji hatukuwapa."

Alois akamwamuru akae. Hakukaa. Bibi Yuliana, jirani yake, akainuka kwa mkongojo akasimama naye, kisha wakainuka wakulima wa bondeni, wanawake kwa wanaume, mpaka waliobaki wamekaa wakaona haya.

Wilayani walisema kusimama kule si kura yenye nguvu kisheria. Ikawa hivyo, lakini tangu siku ile halmashauri ilipoita kikao hakuna aliyekwenda, na wakulima walichepusha maji mchana kweupe bila kujificha. Wajumbe wakaachia ngazi mmoja mmoja, Alois akiwa wa mwisho. Ukafanyika uchaguzi mdogo, na Paskalia akachaguliwa mwenyekiti.

Sheria zikapigiwa kura upya. Ile ya maji ikaanguka, lakini ikaanguka pia ya kufunga mbuzi, ambayo Paskalia aliitetea mpaka sauti ikakauka. Wiki hiyohiyo mbuzi wakaingia kwenye kabichi zake. Jastin akamuuliza kama hajuti. Akasema safari hii ameshindwa mbele ya macho yake, wala hakuna aliyemwamulia akiwa shambani.

Kabla mwaka haujaisha, Alois alisimama mkutanoni akataka mpwa wake aondolewe: kama yeye aliondolewa bila kungoja tarehe, kwa nini Paskalia angojewe? Wafuasi wa Paskalia wakaanza kumzomea mzee. Paskalia akawanyamazisha, akataka mwenyewe ile hoja ya kumng'oa ipigiwe kura, akasimama wima huku Jastin akihesabu mikono.

Alibaki, kwa kura chache sana. Alois alipokuwa akiokota kofia yake aondoke, Paskalia akamfuata.

"Mjomba, mkutano ujao ilete tena hoja hiyo."

"Nitaileta," akasema mzee.

"Nitakuwepo."