Mikono ya Mpiga Gita wa Mangobo

Jumapili yangu ya kwanza kupiga picha kwenye ile nganda ya Mangobo, kabla hata sijatoa kamera mfukoni, mpiga gita la solo alinivuta pembeni. Nganda ni baa ya uani tu, viti vya plastiki, mabati upande wa wanamuziki peke yao. Mwenye nganda alitaka picha za kusambaza kwenye simu, ili watu wa mitaa mingine wajue kwamba kwake orkesta inapiga yenyewe, si kanda, kila Jumapili alasiri. Mpiga gita alikuwa wa rika la wajomba zangu, nami nilimwita tonton tangu siku hiyo.

"Mudogo," akaniambia, "mimi iko mwalimu ya kwaya, kanisani kule kwa maporomoko. Asubuhi niko na bamama ya kwaya, alasiri niko hapa. Donc, piga mikono tu. Sura, hapana."

"Na wao hawajui, tonton?"

"Wanajua napumzika."

Nilikubali kwa shingo upande. Uso ndio unaobeba picha ya muziki: macho yaliyofumbwa, jasho, mdomo unaofuata gita bila kutoa sauti. Lakini kadiri Jumapili zilivyopita nilizoea kuchuchumaa mbele ya jukwaa na kungoja mkono wake wa kushoto. Seben ilipoanza, pale mwimbaji anapoliachia gita uwanja na watu kuinuka wacheze, vidole vyake vilienda mbio huku kiwiko kimetulia kama cha mtu anayekula. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda. Alikivunja utotoni, akimsaidia baba yake kutega vikapu vya samaki kwenye maji makali, na kilipona vibaya. Ilibidi abuni namna yake mwenyewe ya kubana nyuzi. Nadhani ndiyo maana gita lake lilikuwa na mkwaruzo mdogo ambao sijausikia kwa mwingine.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, mwenye nganda alitaka picha moja kubwa ya kutundika nje. Akachagua ile ya mkono wa kushoto, ya karibu kabisa. Nilimwonyesha tonton kwanza. Aliikuza kwenye simu, akacheka kidogo.

"Hii ni mukono tu. Nani atajua?"

Picha ikachapwa kwenye turubai na kufungwa kwenye ukuta unaotazama barabara. Mimi na yeye hatukufikiria jambo moja la wazi. Watu wa upande wake wa mto walikuwapo siku kile kidole kilipovunjika. Na bamama wa kwaya walikuwa wakikifuata hewani kila juma, kikiwaonyesha wakati wa kuingia na wakati wa kunyamaza.

Walikuja wanne, wamevaa kikwembe cha kwaya, cha buluu. Wakakaa meza ya mbele, wakaagiza sukre, soda tu. Meza za jirani zikapunguza maneno. Nilimsikia tonton akikosa noti, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea mbele yangu, nikashusha kamera. Niliona haya kumwangalia. Niliwaza kwamba kazi yake ya kanisani imekwisha.

Aliendelea kupiga, angefanya nini tena. Seben ilipoingia, mama mkubwa kuliko wote alianza kugonga ukingo wa meza kwa kiganja. Hakuwa anacheza. Alikuwa anapima mwendo, kama mtu aliye mazoezini. Orkesta ilipopumzika, alimfuata tonton pale pale jukwaani.

"Papa mwalimu, ile sauti ya pili ya wimbo ya mavuno, ulisema uliipata wapi?"

"Katika sala, mama."

"Bon. Nimeisikia hapa sasa hivi."

Tonton akaanza kulegeza mkanda wa gita.

"Iko muzuri," mama akasema. "Lakini kwa mazoezi, siku ya tatu ya juma, unakuja na kuchelewa kila mara. Sisi tulizani uko mugonjwa."

Mchungaji hakulichukua kwa wepesi huo. Alimwondoa mbele ya kwaya, akaweka kijana aliyesoma noti mjini. Bamama waliimba na huyo kijana, kwa adabu, polepole sana, hadi waumini wakaanza kulalamika kwamba ibada haiishi. Baada ya kama miezi miwili tonton akarudishwa. Hakuna aliyetangaza lolote. Jumapili moja alisimama tu mahali pake.

Alinialika sikukuu ya mavuno, nije na kamera, nipige chochote ninachotaka. Nilisimama kando ya dirisha, karibu na besi. Wimbo ulipofika kwenye ile sauti ya pili, niliwasikia wanawake wale wakiimba hatua kwa hatua alichokuwa akikipiga Mangobo, mkwaruzo na yote, na kanisa zima limesimama. Sijui kama watu walitambua. Wengine najua walitambua, kwa sababu nilikuwa nimewaona wakikicheza kule nganda.

Baadaye, kwenye ua wa kanisa, tonton aliniuliza kama nimepata picha nzuri. Nilikuwa nimepiga chache, zote za mwanzoni.

"Nilikuwa nasikiliza, tonton."

"Basi kaa ule," akasema, akanionyesha nafasi kwenye benchi, katikati ya bamama.