Kompyuta Iliyompa Mkuu Tamthilia Zangu

Mwalimu mkuu wetu hakuweza kuandika hata tangazo la ng'ombe aliyepotea. Nasema hivyo kwa chuki, na bado ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule yetu ya sekondari karibu na Mbumbuni, mimi, mwalimu wa chini yake, ndiye niliyeandika tamthilia tatu ambazo wanafunzi walizipeleka kwenye mashindano ya drama. Yeye alipiga chapa jina lake juu ya kila nakala, kwa kuwa taipureta ilikaa ofisini mwake.

Mchapishaji alipotaka kuzitoa kama kitabu, nilikataa kunyamaza. Basi akaletwa mhadhiri wa chuo kikuu, mtu mpole, akasema kompyuta itaamua. Ingehesabu vineno kama "na", "ila" na "basi", ambavyo kila mwandishi huvitumia kwa kiasi chake bila kujijua, kisha ilinganishe tamthilia na maandishi yetu mengine. Nilifurahi, mjinga mimi.

"Madam, leta kitu chenye jina lako," aliniambia.

Nilikuwa na barua moja ya kuomba likizo ya uzazi. Mkuu alileta faili nzima ya hotuba zake za siku ya wazazi.

Matokeo yalisomwa mbele ya kamati ya shule. Barua yangu ilikuwa fupi mno, haikufaa kitu. Tamthilia na hotuba, mhadhiri alisema, zimeandikwa na mtu mmoja.

"Hizo hotuba pia nilimwandikia mimi!" nilipiga kelele.

Mkuu aliigeukia kamati. "Mnaona huyu? Sasa anataka hata speech zangu. Kesho atasema yeye ndio aliniandikia maombi ya chakula."

Walicheka, wazee wa kanisa wazima. Kompyuta haikukosea: mtu huyo mmoja nilikuwa mimi. Nilijipalia makaa mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa kuogopa kumwambia mkubwa wangu hapana.

Kitabu kilitoka na jina lake. Wiki ya uzinduzi aliniita ofisini bila haya.

"Madam, niandikie kitu kidogo ya Saturday. Wewe ndio unajua maneno."

Nikaenda nikaiandika hotuba yake ya uzinduzi. Nilimchukia kwa kila sentensi, na sentensi zilikuwa nzuri.