Sailensa ya Gari la Marehemu

Mume wangu aliponunua lori lake, kitu cha kwanza alichofanya ni kulipatia sauti. Alilipeleka gereji, sailensa ya bomba la moshi ikapasuliwa, vya ndani vikatolewa vyote, kisha ikachomelewa tena ikiwa tumbo tupu. Alisema gari la mizigo lisilosikika ni sawa na mwanaume anayenong'ona sokoni. Tangu hapo, akirudi kutoka Geita, nilimsikia akipunguza gia kwenye kona ya mashine za mpunga, nami nikanyanyuka kubandika maji ya kuoga. Anapozima gari getini, maji yako tayari. Hakuwa mtu wa kupiga simu kusema amefika wapi, na sikumdai. Wake wa madereva pale mtaani kwetu Nyasubi tuliishi hivyo, kila mmoja na mlio wake, na hatukukosea.

Alikufa kwa figo. Matanga yalipoanuliwa, koti alilichukua mdogo wake, redio ikaenda kwa mjomba, viatu vikapata miguu. Lori lilibaki kwangu na kwa wanangu, ingawa wanaume wa ukoo waliguna kidogo. Sauti hakuna aliyeigawa. Gari likarudi kazini na dereva mpya, mtu mpole aliyewahi kufanya kazi na marehemu, na kila lilipofika kwenye ile kona mimi nilinyanyuka. Nilijikuta nimesimama katikati ya uwanja na sufuria mkononi, sijui ninampelekea nani maji. Sitasema nilihuzunika, kwa sababu huzuni niliijua na haikuwa hiyo. Nilichukia. Kuna mtu anayekutania kwa jambo lilelile kila siku mpaka ukatamani kumzaba kofi. Ndivyo nilivyolichukia lile bomba.

Mama mkwe alikuwa amekuja msibani kutoka kijijini kwao, upande wa Kolandoto, akabaki nasi. Siku ya maziko hakulia. Watu walisema pembeni kwamba bibi huyu ana moyo mgumu, na mimi sikumtetea. Kazi yake ilikuwa kukaa kibarazani na ungo, akipembua choroko. Mlio ukifika konani, alisema bila kuinua kichwa, "Huyo anakuja." Nilidhani anamsema dereva.

Kutu haingoji ruhusa ya mtu. Sailensa ilikatika njiani, dereva akiwa anatoka Isaka, akaifunga kwa waya na kuja nayo ikikwaruza lami. Asubuhi yake nikafuatana naye gereji. Fundi alikuwa amezitundika sailensa zake kwenye mwamba wa kibanda, kubwa kwa ndogo, kama nyama buchani.

"Mama, unataka gari liongee au linyamaze?" akaniuliza.

Nikamwambia nataka kuzisikia kwanza. Hilo lilimfurahisha, maana wanawake wenye magari huwa wanauliza bei tu. Akawa anaingia chini ya gari, anaishikiza moja kwa waya, anatoka, na dereva anapiga resi. Ya kwanza ilikuwa na besi. Ya pili ilikohoa. Bodaboda waliokuwa wakisubiri abiria walisogea, na gereji ikageuka baraza. Kila mtu alikuwa na neno. Mmoja alisema ile ya pili ni ya gari lenye pumu. Mama muuza karanga aliziba masikio, akasema zote ni laana na turudi tulikotoka.

Dereva alinivuta pembeni.

"Mama, nikwambie ukweli. Katoro wananijua kwa mlio. Nikiwa bado mbali, wenye mawe ya dhahabu yanayongoja kusagwa karasha wanaanza kusogeza viroba barabarani. Ukilinyamazisha, watampakilia mwingine."

"Watakuona kwa macho."

"Macho yao yako kwenye mawe, mama. Mimi wananipa masikio tu."

Bodaboda waliotega masikio walicheka, nami nilicheka, kwa sababu alisema kweli. Gari lisilotangulia kujulikana hukuta mzigo umekwenda. Marehemu mwenyewe angemuunga mkono.

Kisha fundi akafunga moja aliyoitoa vya ndani mwenyewe, tumbo tupu. Dereva akakanyaga. Akaachia, akakanyaga tena, vile mtu anavyofanya akipunguza gia, na mikono yangu ikaanza kutafuta sufuria, pale gerejini, mbele ya watu. Ilikuwa ileile. Dereva alinitazama kwenye kioo akitabasamu, akidhani amenipa zawadi.

"Ile ya mwisho kule mwambani," nikamwambia fundi. "Ile ndefu."

"Ile bubu, mama. Ile ya magari ya maofisini. Watu wanakuja hapa kuongeza."

"Mimi nimekuja kupunguza. Chomelea."

Bodaboda walirudi kwenye pikipiki zao, baraza limeharibika. Gari lilipotoka gerejini nilisikia matairi yakikanyaga kokoto, jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nilijisikia vizuri. Dereva akaondoka nalo siku hiyohiyo kwenda Katoro. Mama mkwe sikumwambia. Ni chuma cha gari. Nani anamkalisha mkwewe kumweleza habari za chuma?

Jioni gari liliporudi, nilikuwa uani nachambua mchele, na yeye yuko pale pake na ungo. Hatukusikia kitu. Tulisikia tu mtu getini akisema hodi.

"Karibu," nikasema.

Dereva akaingia. Hakuwahi kupiga hodi kwetu tangu aanze kazi. Hapakuwa na haja. Akaniamkia, akamgeukia mama mkwe na kumsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

Mama mkwe alimtazama usoni kama mtu asiyemjua.

"Huyu amekuja na nini?" akaniuliza.

"Na gari, mama."

"Gari gani?"

"Gari letu. Lile pale nje."

Akainuka, akatembea mpaka getini, akaliona. Aliweka kiganja kwenye bodi, palipokuwa pangali pa moto. Halafu akaketi chini pale pale vumbini, akapiga ukunga. Alilia kwa Kisukuma, akimwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwa nimelisikia. Ndipo nikajua huyo aliyekuwa akija siku zote alikuwa nani. Dereva alivua kofia, akanitazama, hajui amefanya kosa gani.

Ukunga kwetu hausikilizwi na mtu mmoja. Majirani walikuja mbio, wengine na unga mikononi, mmoja amejifunga khanga kichwani tayari. Wakauliza kama inavyoulizwa, "Nani amefariki?"

Nilikuwa nimeketi chini kando yake, nimemshika. Kaburi lilikuwa limeshaota majani, na wote walikuwapo siku ya maziko.

"Mume wangu," nikawajibu.

Hakuna aliyeuliza mara ya pili. Walivua viatu, wakatandika mkeka, wakakaa. Nami nikanyanyuka kwenda kubandika maji, ya chai ya watu.