Spika ya Juma Dirishani

Leo Juma kajianika mwenyewe, wallahi!

Dukani alitaka redio yenye spika ndogo, ya kumtosha sebuleni.
Nikamwambia, "Mwanamume mzima! Chukua kubwa, iweke dirishani, Likoni nzima ikutambue."
Akanisikiza, masikini.

Alasiri tukajaa barazani kwake kusikiliza salamu.
Mtangazaji akasoma: "Bi Zuhura wa Likoni anasalimiwa na Saidi wa Changamwe, anayemshukuru kwa biriani ya Ijumaa."

Zuhura ni mkewe Juma.
Ijumaa hiyo Juma alilishwa muhogo mkavu. (Alikuja kunililia mimi!)

Akakurupuka, akazima.

Mke akaita kutoka ndani, "Mbona wazima, bwana? Salamu zangu hazijaisha."


Mimi nikacheka hadi kofia ikaanguka.

Haya, wenye wake, nyinyi mungefanyaje?