Nusu ya Maneno ya Baba

Redio ya kwanza niliyoisikia maishani ilimdhulumu baba yangu. Sijaisamehe.

Ilikuwa 1959, serikali ilipotuhamishia Olbalbal pamoja na ng'ombe wetu. Mtangazaji alikuja na mashine yake, akamwomba baba aseme neno. Baba, kwa Kiswahili chake cha mnadani, akasema: "Tumekubali kuhama kwa sababu tumenyimwa maji. Mwenye kiu hana la kukataa." Nilisimama ubavuni pake, nikasikia yote. Siku chache baadaye, katika duka moja la Karatu, redio ikatoa sauti yake: "Tumekubali kuhama." Ukafuata muziki.

Wenzake wa rika wakaamini ametuuza. Kwetu watu wakikutana njiani hula habari: mmoja husimulia, mwenzake humdadisi hadi ajue kama ameona au amesikia tu. Watu hao, wanaomhoji hata mtoto aliyepoteza mbuzi, hawakulihoji lile sanduku! Miaka mitano hakuna aliyesimama kula habari na baba.

Nikasoma, nikawa mwalimu Endabash. Mwaka wa ukame mtangazaji yuleyule akarudi, akaomba mkalimani. Akapewa mimi. Nilimtambua mara moja, na furaha mbaya ikanijaa.

Kule Olbalbal nikamwambia mgeni hatoi swali kabla hajatoa habari zake. Aliyemdadisi ni mzee wa kwanza kumsusia baba.

"Umewahi kufika hapa?"

"Nimewahi. Mzee huyu," akamwonyesha baba, "aliniambia wamekubali kuhama."

"Akanyamaza hapo?"

Mtangazaji akanitazama nimwokoe. Nikamrudishia swali lile polepole, kwa raha zangu. Jasho likamtoka, akayasema yote, hadi yale ya maji. Alisema aliyakata kwa kuwa dakika zilikuwa chache.

Wazee wakainamisha vichwa. Baba, kwa upole wake unaoniudhi mpaka leo, akaagiza mgeni apewe maziwa.

Juma lililofuata, katika duka lile la Karatu, redio ikatangaza kwamba wazee wa Olbalbal wamempokea mtangazaji kwa maziwa. Basi. Yule mzee, aliyekuja kuuza ngozi, alikuwa kando yangu, nikamfasiria.

"Mwalimu, kijana yule si aliungama mbele yetu? Mbona hawalisemi?"

"Hata la baba hawakulisema," nikamjibu.

 Akachukua fimbo yake, akasema anakwenda kumwomba baba radhi. Ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Nje palikuwa na lori linalopanda Ngorongoro kuelekea Olbalbal, lina nafasi, na dereva alikuwa rafiki yangu. Nilimwacha mzee atembee.