Siku Oveni ya Kabula Ilipogoma

Kabula ana hasira za karibu. Pale sokoni Ifakara wanamjua: ukimwambia skonzi zake zimepungua ukubwa anakunyang'anya mkononi, kesho yake anakuuzia tena kama hakuna kilichotokea. Baba yake, mzee Limbu, alishuka bondeni na ng'ombe kutoka Usukumani akidhani binti naye atashika fimbo. Binti kamaliza la saba, kakimbilia Kidatu, kafagia bekari mpaka wakamwachia akande. Huko huko akaipata oveni ya gesi, mtumba, ya gesti iliyofungwa. Alipoolewa na Mpogoro wa Ifakara, oveni ilitangulia kwenye fuso, bibi harusi akafuata.

Sasa Jumamosi hiyo ikagoma. Siku zote haikugoma, ikaitafuta hiyo. Kesho yake kulikuwa na kipaimara, na mama mmoja wa Lumemo, Scolastica, alikuwa amemwachia mikate yote ya sherehe ya mwanae. Kabula hajawahi kupewa sherehe kubwa namna ile. Akiharibu, akina mama wa jumuiya hawatamrudia. Na donge lilikuwa tayari kwenye mabeseni, limefunikwa kanga, linaumuka. Ukishatia hamira, donge halikungoji.

Kuwaka iliwaka, na hapo ndipo palipomuuma. Moto ulishika, lakini wa njano, mlegevu, unalamba chuma kama umechoka, halafu unajifia. Akatikisa mtungi, mzito. Akafunga mwingine hivyo hivyo. Njano, ukafa. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira aone kama gesi inavuja, wapi. Akachokonoa vitundu vya moto kwa sindano. Akaipiga teke. Aliyeumia kidole ni yeye.

Mkwewe, mama Balbina, aliyekuja juzi kutoka Mahenge kukaa nao, alikuwa mlangoni anapeta mchele. Akauliza kama kuna la kusaidia. Kwa mkwe hata hasira za Kabula huvua viatu. Akajibu kwa upole kwamba mama apumzike tu.

Akamwita Festo, fundi wa friji na chochote chenye waya. Festo akachomoa kipini cha shaba kinachohisi moto, akakipiga msasa, akakirudisha. Moto ukaja njano, ukafa. Akasema kipini ndicho kimekufa, kingine kinatoka Morogoro, labda Jumatatu.

"Jumatatu nitampa nani mikate?"

"Dada, mimi sikuumba gesi. Na mateke uache. Nyie mmezoea ng'ombe, ukimchapa anakwenda."

"Ng'ombe akigoma tunamkagua mpaka kwato, ndiyo tuseme anaumwa. Wewe umekagua nini? Umeona kipini, umemaliza."

Festo akacheka, akaanza kukusanya bisibisi zake. Kabula macho yalikuwa yanamtoka machozi, na si ya kulia, ya moshi. Ndipo akaona mlango wa oveni umeshika masizi juu. Jana haukuwa nayo. Moshi wa oveni ile hutokea nyuma. Leo umefuata nini mbele? Akamwambia Festo aache bisibisi, washike huku na huku, waivute kutoka ukutani.

Nyuma hapakuwa na tundu hata moja. Yote yamezibwa kwa udongo na majivu, yakalainishwa kwa kiganja, kazi safi, alama za vidole zimekaa vizuri. Festo akapiga mluzi.

Mama Balbina akasogea na ungo wake. Akaeleza bila wasiwasi kwamba jana, Kabula alipomaliza kuoka akaenda sokoni, alipitisha mkono nyuma ya jiko akakuta joto linatoka. Kwao Mahenge tanuri la mkate likishapata moto unaliziba kila upenyo kwa udongo, la sivyo mkate unatoka mbichi.

"Joto lilikuwa linakukimbia, mwanangu. Nikaziba."

Kabula akaugonga ule udongo kwa kidole. Maneno ya kumpa Festo alikuwa nayo tele, ya kumpa muuza gesi pia. Huyu ni mkwe.

"Mama, hii inapumua," akasema. "Ukiiziba inakufa."

"Si ungeniambia. Na leo nimekuuliza kama nikusaidie."

Kabula akachukua kisu akabandua udongo, tundu kwa tundu, anabandua kwa nguvu mpaka kisu kikapinda. Walipowasha, moto ukaja wa bluu, umesimama. Lakini alipofunua kanga, donge lilikuwa limepanda likaporomoka, linanuka uchachu. Ilibidi alikande upya, aongeze unga, angoje tena.

Akampigia Scolastica, akasema oveni ilisumbua, mikate itafika alfajiri kabla ya misa badala ya jioni. Hakutaja mtu. Scolastica alinung'unika weee, mwisho akasema nusu atachukua kwingine, hawezi kulala na roho juu. Nusu. Kabula akakata simu, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyoziba matundu.

Alipogeuka, mama Balbina alikuwa ameshanawa mikono, amevuta beseni, anakanda. Analibana donge kama anasonga ugali. Kabula akamsogezea unga, akaenda kuangalia moto.