Muuza Vitumbua wa Njia Panda

Muuza vitumbua wa pale njia panda ya Mnyambe hukaanga kwa mkono mmoja, maana wa pili ni wa watoto. Pacha mmoja yuko mgongoni. Mwenzake amelazwa kwenye beseni lililotandikwa khanga, na akilia, mama hulitikisa beseni kwa mguu huku anageuza vitumbua kwa kijiti, wala haungui. Mimi humtazama kila asubuhi nikienda shule. Binti yake mkubwa, Stamili, wa miaka mitatu, hujibanza nyuma ya ndoo ya unga, amenuna. Tangu pacha wazaliwe hataki kula, hata miguu imekuwa kama njiti.

Jana nilisema, "Shikamoo Mama Pacha, naomba viwili." Akageuza kitumbua. Nikarudia. Akageuza kingine tu. Bwanali wa bodaboda akadakia, "We Mama Pacha, umeziba masikio? Mtoto wa watu atachelewa!"

"Mama Pacha simjui," akasema bila kuinua macho. "Labda anakaa Masasi huko. Hapa anauza Mama Stamili."

Nyuma ya ndoo kichwa kikachomoza. Nikaanza upya. "Shikamoo, Mama Stamili."

"Marahaba, mwanangu!" Aliitika kwa sauti kubwa mpaka pacha wa kwenye beseni akashtuka, akaangua kilio. Safari hii mguu wa mama haukusogea. Aliyelitikisa beseni ni Stamili, kitumbua kikiwa mdomoni.